Bei Chini ya Shali

Kwa miezi mingi Siyad aliuza ng'ombe bila kusema neno, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa ndivyo ng'ombe wanavyouzwa Garissa. Dalali humkaribia mnunuzi, hutupa ncha ya shali juu ya mikono yao, na vidole huzungumza gizani. Kidole kimoja kikishikwa ni kiasi fulani, viwili ni kingine, kiganja kizima ni kingine. Aliyesimama kando haoni ila kitambaa kinachotikisika. Bei ikikubaliwa mkono hubanwa mara moja kwa nguvu, shali huondolewa, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Mtu akivunja bei ya chini ya shali, soko lile hauzi tena hata kuku.

Kwa hiyo donge lilipomwota chini ya taya, na maneno yakaanza kutoka kama ya mtu aliyebugia ugali wa moto, Siyad aliacha tu kuongea. Angekuwa mwalimu angegunduliwa siku hiyo hiyo. Angekuwa mwadhini mtaa mzima ungejua kabla ya jua kuchomoza. Lakini alikuwa dalali wa mifugo, akakaa karibu mwaka mzima akifanya kazi na pesa ikiingia, huku kitu kile kikikua kooni. Dalali mwenzake, Sugow, alisema Siyad ameanza maringo, siku hizi anaongea na ng'ombe tu. Watu walicheka. Siyad naye alicheka, mdomo umefungwa.

Nyumbani kwao, mtaa wa Iftin, hakuweza kumficha mkewe. Nafiso alimwona akiloweka mkate wa anjera kwenye chai mpaka ikawa uji. Aliona damu kwenye mto. Akamwona amerudi siku moja na makovu matatu mabichi shingoni, kwa sababu alikuwa amemwendea mtu anayetibu kwa chuma cha moto, na mtu huyo alikuwa amelichoma donge kama anavyochomwa ngamia mwenye jipu. Donge halikujali. Nafiso alimsihi aende hospitali, akakataa. Mwishowe alifanya jambo ambalo mke hulifanya akiwa amekata tamaa: alikwenda dukani kwa Ahmednoor, kaka mkubwa wa Siyad, akamshtaki mumewe kwa kosa la kuumwa.

Ahmednoor aliuza mabati na saruji, na sauti yake ilikuwa nzito kama bidhaa zake. Kesho yake Siyad alikuwa hospitalini.

Kinyama kilichokatwa kooni kilipelekwa maabara Nairobi. Majibu yaliporudi, ndugu wawili waliingia pamoja kwa daktari, maana kwao mtu hasikii habari zake peke yake. Habari za mgonjwa ni za ndugu zake kwanza. Ahmednoor alikaa kwenye kiti cha karibu na meza. Siyad alikaa nyuma, karibu na mlango, kama yeye ndiye aliyesindikiza.

Daktari Murithi alikuwa mtu wa Meru aliyekaa Garissa muda wa kutosha kupenda maziwa ya ngamia na kujifunza salamu. Aliwaambia ni saratani. Aliwaacha walimeze neno hilo, kisha akasema koo ni moja lakini magonjwa ni mawili, na inafaa wajue huu ni upi.

Akaeleza taratibu. Ndani ya kila seli ya mwili kuna jeni, na moja kati ya hizo kazi yake ni ulinzi: seli ikianza kuzaana ovyo, mlinzi huiua. Mtu akivuta sigara miaka mingi, moshi humvunja yule mlinzi. Hata ukileta mionzi na dawa, hakuna tena aliye ndani wa kuiambia seli ife. Huo ni ugonjwa mgumu.

"Lakini huu wa mzee ni mwingine," alisema. "Huu umeletwa na virusi. Mlinzi yuko mzima, amefungwa kamba tu. Tukipiga mionzi na dawa, kamba inakatika, mlinzi anaamka, anafanya kazi yake. Huu unapona. Siwezi kuapa, lakini wengi wanapona. Sharti uje kwa mashine kila siku ya kazi, wiki saba. Ukiacha katikati tutakuwa tumekuunguza bure."

Ahmednoor aliuliza wamejuaje kwamba ni virusi na si kitu kingine.

"Vimeacha alama ndani ya seli," Murithi alisema, akafurahi kwamba amepata mfano. "Kama nyinyi na ngamia. Kila ukoo si una chuma chake? Ukimwona ngamia njiani unamsoma alama."

Ulikuwa mfano mzuri, na ndio ulioharibu kila kitu. Siyad alikuwa ameishi kwa kusoma alama. Wanyama wa wizi aliwatambua kwa alama. Mzozo wa mali sokoni ulikatwa kwa alama, na mbele ya alama hata kiapo hakikusikilizwa.

Ahmednoor akavuta kiti mbele. "Daktari, sisi ni watu ya mifugo," alisema. "Kama iko alama, iko mwenye mali. Hii ngamia imetoka kwa boma ya nani?"

Murithi aliona alipojikwaa, akajaribu kurudi. Alisema virusi hivi hupita kati ya mwanamume na mwanamke, na karibu kila mtu mzima huvipata wakati mmoja, na mwili huvitupa bila mwenyewe kujua. Kwa wachache hubaki na kulala miaka ishirini, hata thelathini. Alama inaonyesha ni virusi gani, haionyeshi vimetoka kwa nani. Hakuna kipimo cha kuonyesha hivyo, duniani hakipo. Alisema hayo mara mbili. Lakini Ahmednoor alikuwa ameshasikia alichosikia: kati ya mwanamume na mwanamke.

Kabla hawajatoka, Siyad alimnong'oneza kaka yake, na Ahmednoor akamfasiria daktari akiangalia pembeni. Mgonjwa alikuwa anauliza kama haiwezekani kusema tu ni ya sigara.

"Unavuta?" Murithi aliuliza.

Siyad, ambaye hakuwahi kuvuta sigara hata moja, alitazama sakafu.

Nje, kwenye benchi, alikaa Guleid, dereva wa lori aliyekuwa na uvimbe mahali pale pale, nyuma ya ulimi. Wake ulikuwa ule mwingine. Alikuwa amevuta na kutafuna miraa tangu ujana, hakumficha mtu, na kila siku jamaa zake walimletea maziwa na nyama ya kusaga ambayo hakuweza kuimeza. Alisema daktari Murithi ana bahati, maana pesa yote ya miraa ilikwenda Meru kumsomesha, na sasa anamtibu aliyemlipia karo. Ahmednoor alipokwenda kuuliza habari za bima, Guleid alimtazama Siyad usoni akamuuliza kaambiwa nini. Siyad hakuwa na nguvu ya kudanganya. Akamwambia.

Guleid alipangusa mate kwa kitambaa.

"Tubadilishane, walaal, ndugu yangu," alisema. "Wewe chukua heshima yangu, mimi nipe hicho kidonda chako cha kupona."

Mambo yaliongelewa dukani kwa Ahmednoor, nyuma, kati ya mifuko ya saruji. Bima ingelipia sehemu ya mashine. Dawa, vipimo na chakula cha mgonjwa vingebaki kwa ukoo, na ukoo huchanga. Hilo halikuwa tatizo. Kwa Guleid watu wake walichanga bila kuulizana. Lakini wazee wangekaa Ijumaa baada ya swala na wangeuliza ugonjwa gani, na Ahmednoor hakuwa tayari kudanganya msikitini.

"Wazee wanachangia ugonjwa," alisema. "Zinaa hawaichangii. Kwa hiyo tujue."

Hesabu ilikuwa fupi. Nafiso hakuanza kuwa mke wa Siyad. Aliolewa kwanza na Khalif, kaka yao wa kwanza kuzaliwa, aliyefundisha Kurani nusu ya vijana wa Iftin. Khalif alipokufa, Siyad alimrithi mjane kama desturi inavyotaka, wakapata mtoto mmoja, Sahra. Basi watu walikuwa watatu, na mmoja yuko kaburini.

"Khalif hatumtaji," Ahmednoor alisema. "Wewe je?"

Siyad alitikisa kichwa haraka, kama anayefukuza nzi.

Alijua. Kabla ya ng'ombe, alikuwa amekwenda na malori ya bidhaa Elwak na kurudi, kijana mwenye pesa mfukoni na hana mke, na nyuma ya mikahawa ya njiani kulikuwa na vyumba vya mabati, na ndani ya vyumba kulikuwa na wanawake ambao hakuuliza majina yao. Hakuna aliyejua. Akarudi, akafuga ndevu, akaenda Umra, akamrithi mjane wa mtu mwema. Sasa alama ilikuwa imeibuka shingoni.

"Basi amebaki mmoja," Ahmednoor alisema. "Na apimwe."

Siyad alisema kitu ambacho ilibidi akirudie ndipo kikaeleweka. Alisema wasipime mtu. Yeye atakwenda Elwak, kuna mzee wa chuma anayesifiwa kuliko yule wa hapa, na kama ni siku yake basi ni siku yake. Kwa lugha iliyo wazi, alikuwa amechagua kufa na ndevu zake. Ahmednoor alituma mtu amwite Nafiso.

Nafiso hakukataa. Ahmednoor alimsindikiza mpaka mlango wa kliniki ya kina mama na kusimama nje na mikono mgongoni, kama askari aliyemleta mahabusu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimjua Nafiso. Wengine walikuwa wateja wa kibanda chake cha maziwa. Walimsalimia, kisha wakamtazama shemeji, kisha wakaangalia simu zao.

Muuguzi Caro, mwanamke wa Kisumu mwenye mikono ya upole na mdomo usio na upole, alimpima na kumwambia majibu yakija atampigia yeye na si yule mzee wa nje. Siku alipompigia, Nafiso alifunga kibanda cha maziwa akaenda peke yake.

"Uko safi, mama Sahra," Caro alisema. "Hakuna kitu. Ingawa hata ungekuwa nayo, haingesema lolote. Kwa hivyo sasa enda uwaambie hao wazee wafunge mdomo."

Nafiso alimuuliza kama Ahmednoor atakuja kuuliza. Caro alisema aje, atamwonyesha mlango. Hiyo ni siri ya Nafiso, na hata mumewe hapewi asipotaka mwenyewe.

"Basi mtu asiambiwe," Nafiso alisema.

Caro alimtazama. "Asiambiwe kwamba uko safi?"

"Asiambiwe."

Alirudi nyumbani jua likiwa kali, mbuzi wa mtaani wamelala kwenye kivuli cha kuta. Sahra alikuwa shuleni. Siyad aliketi kwenye mkeka nyuma ya jiko, begi dogo la safari likiwa karibu na mguu wake. Gari la Elwak lilikuwa linaondoka Alhamisi.

Nafiso alikaa mbele yake. Akavua shali mabegani mwa mumewe, akaitupa juu ya mikono yao. Alikuwa binti wa mfugaji. Lugha ya vidole aliijua kabla ya kusoma.

"Mimi ni safi," alisema.

Mkono wa Siyad ulilegea ndani ya wake. Hakumtazama.

"Sikuulizi ulipita wapi. Nimekuja kuuza. Ijumaa nitasema donge limetoka kwangu. Wazee watakuhurumia na watachanga. Bei yangu ni hii." Akabana kiganja chake kizima, kisha vidole viwili. Tano na mbili. Wiki saba.

Siyad alisema kwa shida, mate yakimtoka, kwamba watamfukuza. Sahra atabaki upande wa baba, ndivyo ilivyo.

"Bidhaa ni yangu, bei yake naijua," Nafiso alisema. "Nimeshamzika mume mmoja wa nyumba hii. Ukifa wewe, zamu ya kunirithi ni ya Ahmednoor. Afadhali nirudi Ijara kwa mama yangu. Na Sahra akikosa mama ana baba. Akikosa baba ana Ahmednoor. Toa bei."

Halafu, kwa mazoea tu, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kukubali bei ya kwanza, Siyad akabana kiganja. Tano.

Nafiso aliusukuma mkono wake.

Akabana tano na moja.

"Sita ni ya nini? Unadhani unanunua mbuzi?" Akarudia: tano, mbili. "Na nyongeza juu yake, kama kamba ya ng'ombe: Sahra hatolewi shule."

Nzi walikuwa wanazunguka makovu ya shingo. Siyad alifumba macho. Kama angesema neno moja, kama angesema hapana, mimi nitasimama Ijumaa niseme ukweli, bei ingevunjika papo hapo na hakuna ambaye angemlaumu. Nafiso alingoja neno hilo. Hata yeye hakujua alikuwa analingoja mpaka alipoona halitoki.

Siyad akabana kiganja, kisha vidole viwili, kisha mkono wote kwa nguvu, mara moja. Nafiso akaondoa shali.

Ijumaa wazee walikaa ukumbini kwa Ahmednoor, viatu mlangoni. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Siyad alikaa kati ya wanaume, ameinamisha kichwa, na kila mtu alidhani ni maumivu.

Ahmednoor aliuliza kwa sauti majibu yalisemaje. Nafiso alijibu kutoka nyuma ya pazia kwamba donge limetoka kwake.

Mzee mmoja akasema astaghfirullah, polepole. Ahmednoor aliuliza kwake kutoka kwa nani, na lini, maana Khalif alikuwa mtu msafi na hilo wote wanalijua.

"Nimesema limetoka kwangu," Nafiso alisema. "Mnataka jina, au mnataka ndugu yenu apone?"

Hawakuuliza tena. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alisogea kidogo, akavuta baibui lake lisimguse. Wazee walizungumza. Walikubaliana kwamba Siyad ameonewa na atasaidiwa, na michango ikaanza kutajwa, huyu ng'ombe, yule pesa. Juu ya mwanamke walitofautiana. Wawili walitaka aondoke siku hiyo hiyo. Ahmednoor, ambaye alijua biashara, aliuliza nani atamsagia mgonjwa chakula na kumfulia nguo zenye damu wiki zote hizo. Hakuna aliyejitolea kumtoa mke wake. Basi ikaamuliwa: amhudumie mpaka mashine iishe, kisha apewe talaka arudi kwao.

Hivyo ndivyo Nafiso alivyobaki katika nyumba yake mwenyewe kama mtumishi wa mkataba.

Habari zilifika kibandani kabla yake. Maziwa yake, ambayo yalikuwa yakiisha kabla ya adhuhuri, yaliganda kwenye madumu. Mteja mmoja wa zamani alimweleza kwa upole kwamba si yeye, ni mama mkwe wake ndiye anayeogopa. Mke wa Ahmednoor alileta kikombe cha plastiki cha bluu na kusema hicho kiwe cha Nafiso peke yake, ili watoto wasichanganye. Nafiso alikitumia. Sahra aliuliza kwa nini mama hanywei kwenye vikombe vya kawaida, akaambiwa mama amekipenda hiki.

Kila asubuhi walikwenda kwa mashine, Siyad mbele, Nafiso hatua chache nyuma na chupa ya uji. Kituo kilikuwa hapo hapo mjini, na hilo, ambalo lingekuwa neema kwa mtu wa kutoka mbali, kwao lilikuwa adhabu: mji mzima uliwaona wakipita. Alilazwa mezani, uso umefungwa kwa kinyago cha plastiki kilichotengenezwa kwa umbo lake, na mashine ikamzunguka. Wiki za kwanza hakusikia kitu. Baadaye shingo ikawa nyeusi kama mkaa, ngozi ikachubuka, mdomo ukajaa vidonda, na uji ukawa kama kumeza vioo. Nafiso alisaga, akachuja, akasaga tena. Alimlisha kwa kijiko cha mtoto. Hawakuzungumza. Yeye hakuweza, naye Nafiso hakuwa na la kusema ambalo halikuwa limeshauzwa.

Guleid alikufa katikati ya matibabu yake. Mlinzi wake alikuwa amevunjika kweli, kama daktari alivyoeleza. Dawa zilipiga na uvimbe ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Maziko yake yalijaza barabara. Watu walisema alikuwa mcheshi, alikuwa mkweli, miraa tu ndiyo iliyomponza. Siyad alihudhuria, amejifunika shingo, na watu walimpa nafasi kubwa mno ya kusimama.

Siku moja baada ya maziko, Siyad hakuamka kwenda kwa mashine. Wiki ya tano ilikuwa imeisha. Aligeukia ukuta, akainua kiganja kimoja, vidole vitano vimetanuka: zimetosha.

Nafiso hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akainua vidole viwili mbele ya uso wake, akavishikilia hapo. Mkono ulichoka, hakuushusha. Siyad alifumba macho, akafumbua, vidole vilikuwa bado pale. Akaamka, akatafuta viatu.

Siku ya mwisho daktari Murithi alimulika koo, akaangalia muda mrefu, akasema anaona njia nyeupe. Vipimo vingine vitafuata, lakini alikuwa anatabasamu. Alimpa mkono Siyad, akampa mkono Ahmednoor aliyekuwa amekuja siku hiyo baada ya kutoonekana tangu mwanzo, kisha akamtafuta Nafiso ili amshukuru, maana mgonjwa asiyekula hapiti wiki hizo. Nafiso alikuwa ameshatoka nje. Caro alikuwa amesimama naye mlangoni, amemshika kiwiko, na uso wake ulionyesha kwamba alitaka kusema jambo na alikuwa ameombwa asiseme.

Gari la Ijara lilikuwa tayari limekodiwa. Mzigo wake ulikuwa ndani, na kikombe cha bluu juu yake, kwa sababu mke wa Ahmednoor hakutaka kukihifadhi. Sahra alikuwa amepelekwa kwa shangazi tangu asubuhi ili asilie mbele za watu.

Ahmednoor alimwambia Siyad aitamke talaka. Mashahidi wawili walikuwepo.

Koo lilikuwa bado limeungua, na kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amemsikia Siyad akimaliza sentensi. Ile aliimaliza. Ilikuwa na mikwaruzo, lakini kila neno lilifika. Nafiso alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayehakikisha hesabu, akaitikia kwa kichwa, akapanda gari.

Sauti ilirudi na mvua. Haikuwa ile ya zamani, ilikuwa ya chini na kavu, lakini ilikuwa sauti, na Murithi alisema haoni tena kitu kooni. Siyad alirudi sokoni. Watu walimkumbatia. Walisema Mwenyezi Mungu hamtupi mtu aliyeonewa. Alikuwa amepata mke mwingine, msichana mtulivu aliyechaguliwa na Ahmednoor. Sahra alikuwa bado shuleni. Bei ni bei, na Siyad alikuwa mtu wa kulipa.

Siku moja ya soko alikuja kijana kutoka Ijara na dume jekundu, limekonda kwa safari. Siyad alimtambua kabla hajafika. Alikuwa Sakariye, ndugu yake Nafiso. Hakwenda kwa dalali mwingine, ingawa walikuwepo wengi na Sugow alikuwa anampungia mkono. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele ya Siyad na kamba mkononi.

Madalali waliacha wanachofanya. Siyad akavua shali, akaitupa juu ya mikono yao.

Sakariye hakushika kidole chochote. "Nasikia daktari amekurudishia sauti," alisema, si kwa nguvu, lakini soko lilikuwa limenyamaza. "Dada yangu haongei. Tumemuuliza, mama amemuuliza, haongei. Watu wa Ijara wanachukua maziwa kwa kila mtu isipokuwa yeye. Niambie wewe. Alifanya nini?"

Dume lilitikisa masikio. Chini ya shali, mkono wa Siyad ulishika mkono wa kijana. Ukabana kiganja kizima, ukabana tena, ukabana mara ya tatu. Ilikuwa bei ambayo dume lile halingeifikia hata lingekuwa mawili, bei ya kichaa, na pesa ilikuwa ya Siyad mwenyewe. Akabana kwa nguvu ya kufunga biashara, akangoja abanwe na yeye.

Sakariye aliangalia kitambaa, kisha akauangalia uso wa Siyad, muda mrefu. Kisha akautoa mkono wake chini ya shali polepole, akauangalia kama vile umeshika kitu kichafu, akaupangusa kwenye kikoi. Akavuta kamba. Dume likageuka, wakapita katikati ya watu wakaelekea njia waliyotokea.

Sugow alisogea, macho yamemtoka. "Amekataa? Kwani ulimpa ngapi?"

Siyad alikunja shali, akaiweka begani.

"Hatukuafikiana bei," alisema, na kila mtu pale alimsikia vizuri.